Nilipigwa biti milioni ishirini

"Si ulisema umenunua ishirini?"

Mama aliuliza bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, pale chini, ambapo mstari wa buluu ulikuwa unajikokota na pembeni yake pameandikwa 2.3 MB/s, yaani MB kwa sekunde. Tulikuwa tunashusha video ya harusi ya mpwa wangu. Mpiga video wa Tanga alikuwa ametuwekea Google Drive, faili moja la GB 4.2. Mama alishavaa sare ile ile ya siku ya harusi, khanga na kilemba, chai pembeni, anasubiri kumwona mjukuu wake anatoka ndani.

"Ishirini, ndiyo."

"Hapo pameandikwa mbili."

"Mbili nukta tatu."

"Haya. Na hizo kumi na saba nyingine ziko wapi?"

Nilikuwa nimemwahidi dakika nne. Hesabu niliipiga mwenyewe, tena kwa mbwembwe: GB 4.2 ni MB 4,200, gawa kwa ishirini, unapata sekunde 210, dakika tatu na nusu. Ilichukua nusu saa na ushee. Chai ilipoa, kilemba kikavuliwa.

Sasa Mama aliuza mchele Tandale zaidi ya miaka ishirini. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba umelipia ishirini, ukapewa mbili, na ukakaa kimya. Hakunisema. Aliinuka tu, akaenda kupasha chai, lakini swali lake akaniachia mezani, na wiki tatu zilizofuata nimekula nalo na kulala nalo.

## Saa nane

Ningepaswa kushtuka mapema, siku waliyokuja kunifungia faiba, hii intaneti ya waya.

Meseji ilisema fundi atafika "saa 8:00". Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa nyumbani tangu asubuhi. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne. Nikapiga simu kwa hasira. Dada wa upande wa pili akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, ni saa nane. Bado hata sita haijafika."

Fundi alifika saa nane mchana juu ya alama. Tarakimu ilikuwa sahihi muda wote, mimi ndiye niliyekuwa naisoma kwa saa ya kompyuta na wao wameiandika kwa saa ya ukutani kwa bibi.

Nilicheka siku ile. Nikasahau.

## Herufi moja

Wengi mnajua tayari ninakoelekea, kwa hiyo nitapita haraka. B kubwa ni baiti. b ndogo ni biti, chembe ndogo kabisa ya data. Baiti moja ni biti nane. Faiba niliyouziwa ni ya megabiti ishirini, yaani biti milioni ishirini, kwa sekunde, na kompyuta yangu inapima kwa megabaiti. Ishirini gawa kwa nane ni mbili na nusu.

Na ile 2.3 badala ya 2.5? Hapo nilikaa usiku mzima, kwa sababu nilitaka sana kuwakamata. Nikakuta kwamba data haisafiri tupu. Inakatwa vipande, na kipande cha kawaida kina baiti 1,500, ambazo angalau 40 ni anwani na maelekezo tu: kimetoka wapi, kinaenda wapi, ni cha ngapi kwenye foleni. Kikishaingia kwenye waya kinaongezewa vifungashio vingine. Ukitoa gharama hizo zote inabaki kama asilimia 95 ya mzigo wenyewe. Mbili na nusu inakuwa 2.37.

Yaani walikuwa wananipa karibu yote.

Hili liliniuma kuliko ningegundua nimeibiwa. Nilishaandika makala ndefu ya hasira, yenye kichwa cha habari kikali na picha ya risiti. Niliisoma tena saa saba usiku, nikaifuta. Zile kumi na saba za Mama hazikuibwa na mtu. Hazijawahi kuwepo.

Asubuhi nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Kwa hiyo walikuuzia ishirini ya nini?"

"Ya biti, Mama."

"Na wewe ulidhani ishirini ya nini?"

"Ya MB."

"Na wao walijua unadhani hivyo?"

Hapo sikuwa na jibu, na nikagundua kwamba usiku mzima nilikuwa nimefanya hesabu isiyo yenyewe.

## Tulivyojifunza kuhesabu

Mwaka 2003 hivi, intaneti kwangu ilikuwa inapimwa kwa saa ya ukutani. Unaingia kafe, unalipa nusu saa, unafungua barua pepe, unatazama ukurasa unashuka mstari kwa mstari kama pazia la duka. Kasi ilikuwa ngapi? Hakuna aliyeuliza. Tulinunua dakika.

Nyaya za baharini zilipofika mwaka 2009, simu zikafuata, na kipimo kikabadilika. Tukaanza kununua vifurushi. Hapo ndipo taifa zima lilipojifunza MB. Konda anajua MB. Shangazi asiyependa kusoma meseji ndefu anajua kwamba video ya taarabu ya dakika tano inamla MB ngapi, na anajua bila kufundishwa kwamba GB moja ni nyingi na MB mia ni za kujikuna. Bando ndiyo ilikuwa shule yetu. "Nirushie MB" ni Kiswahili fasaha kabisa siku hizi, watake wasitake watu wa kamusi.

Na MB za bando ni baiti.

Angalia sasa. Nchi za wenzetu walianza na modemu ya simu ya mezani, ile ya 56k, na hiyo 56 ilikuwa kilobiti kwa sekunde. Walikutana na biti kwanza, kabla ya mtu yeyote kuwauzia intaneti kwa kupima ujazo. Sisi tulio wengi tulikwenda kinyume. Tulizoea ujazo kwa miaka kumi na zaidi, kila siku, kwa shilingi zetu za mfukoni, ndipo faiba ikaja mtaani ikiwa na tarakimu mpya inayoanza na M ile ile.

Bango la kwenye barabara yetu, ambalo limenipita kila asubuhi kwa mwaka mzima, halina hata hiyo b ndogo. Limeandikwa kwa herufi kubwa tupu: 20MBPS. Ukilisoma kama lilivyo, herufi kwa herufi, linaahidi megabaiti ishirini. Linaahidi mara nane ya kinachotolewa. Nadhani aliyelichora alitaka tu lisomeke kutoka kwenye daladala, sidhani kama aliamka siku hiyo akiwa na nia mbaya. Lakini limepita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kupandishwa juu pale, na wote walioliona, hakuna aliyejua?

## "Ni zile zile, kaka"

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilijiapiza kutokuwa mkali, kwa sababu anayepokea si aliyepanga.

"Kaka, nimeangalia akaunti yako, MB zako ziko sawa. Ni ishirini."

"Dada, ni MB kwa maana ya megabaiti, au megabiti?"

Kimya kidogo.

"Ni zile zile, kaka."

"Si zile zile, dada yangu. Moja ni mara nane ya nyingine."

"Naomba usubiri kidogo kwenye laini."

Muziki ukapigwa. Ulikuwa ule muziki unaokufanya usahau ulichopigia. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyegeuka ukutani.

"Ni megabiti, kaka. Ila sisi kwa wateja tunasema MB. Tukisema megabiti watu wanachanganyikiwa."

Nilimshukuru, kwa dhati. Kwa wiki zote zile, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli. Lakini nilipokata simu nilibaki nimekaa. Watu wanachanganyikiwa wakiambiwa jina la kitu wanachonunua, kwa hiyo wanapewa jina la kitu kingine, kikubwa mara nane, na hapo utulivu unarudi.

Vijana wa mjini wakitaka kusema mtu ametishwa kwa maneno makubwa wanasema amepigwa biti. Mimi nilipigwa milioni ishirini kwa sekunde.

## Upande wa wenye waya

Haki ni haki, kwa hiyo nilitaka kujua kwa nini watu wa mawasiliano wanang'ang'ania biti. Nilitarajia kukuta ujanja. Nimekuta sababu ya maana.

Kwenye waya vitu vinapita kimoja kimoja. Wahandisi wa simu na teleksi walihesabu ishara zinazopita kwa sekunde tangu kabla kompyuta hazijazaliwa, na mashine zao zilitumia ishara tano kwa herufi moja. Baadaye zikaja alama za biti saba, kompyuta zilizoshika biti 36 kwa mkupuo mmoja, kila kiwanda na lake. Ungesema "herufi kwa sekunde", mtu angekuuliza herufi za nani. Biti haikuwa na ubishi: moja ni moja. Jina lenyewe liliingia kwenye maandishi mwaka 1948, kwenye makala ya Claude Shannon, naye akasema wazo la jina hilo ni la mwenzake, John Tukey.

Baiti ni ya wenye maghala, watu wa kuhifadhi. Ilitungwa na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, kutokana na neno la Kiingereza la kung'ata. Na sikilizeni hili: tahajia yake ilibadilishwa makusudi, ikatiwa y mahali pa i, kwa kuogopa watu wasije wakaikosea wakaandika biti.

Aliona mbali. Sisi tumezifupisha zote mbili kuwa herufi ile ile na kuzipandisha kwenye bango moja.

Basi nikawa nimekwama. Sikuweza tena kusema kipimo chao ni cha kitapeli, kwa sababu dunia nzima inapima waya hivyo, na kilikuwepo kabla yao na kabla yangu. Kwa siku kama nne niliamini kwamba kosa ni langu, nilipaswa kusoma. Nikawaambia hata rafiki zangu: someni, acheni kulalamika.

Kisha ikafika jioni.

## Hadi

Vipimo vyangu vyote nilikuwa nimevifanya usiku wa manane na alfajiri. Ijumaa moja, saa tatu usiku, nilishusha faili la kazi na kompyuta ikaandika 0.6 MB/s. Hiyo ni kama megabiti tano. Nikachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, maana Waifai ikipita kuta mbili za tofali hubaki na pumzi kidogo, nisije nikamsingizia mtu. Ikawa 0.7.

Nikafungua programu ya kupima kasi. Ikaniambia 19.

Jamani.

Nikapima tena. 19. Nikarudi kwenye faili: 0.7. Ilinichukua muda kuelewa kwamba programu ile huchagua seva, kompyuta ya kupimia, iliyo karibu, na mara nyingi seva ya karibu imewekwa na kampuni za intaneti zenyewe. Kwa hiyo nilikuwa napima barabara ya kutoka kwangu mpaka getini kwao. Barabara hiyo ni nzuri kweli, ina lami na mataa. Faili langu lilikuwa ng'ambo ya bahari, na foleni ilianzia nje ya geti. Wale mnaokumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mnaijua tofauti hii bila hesabu yoyote: taa za ruta zilikuwa kijani nyumba nzima, na hakuna kilichofunguka.

Nikarudi kusoma mkataba. "Kasi ya hadi 20Mbps."

Hadi. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni ukomo. Sisi tunalitumia kila siku na tunapolitumia huwa tunamaanisha kufika. Nikikuambia nitakusubiri hadi Magharibi, adhana itanikuta pale. Basi la hadi Moshi usilishuke Korogwe ukaambiwa tulisema hadi. Lakini kwenye mkataba hadi ni ukuta tu: hutaupita. Kufika si shauri lao. Megabiti tano ni hadi ishirini. Hata sifuri, ukiitazama vizuri, ni hadi ishirini.

Tena hapa napo kuna sababu ya haki, nisiifiche. Teknolojia nyingi za faiba za majumbani hugawa waya mmoja kwa nyumba 32 au hata 64. Ule wa aina ya GPON unashusha kama gigabiti mbili na nusu kwa sekunde, yaani megabiti 2,500, kwa wote, na kampuni inauza ikijua kwamba hatutashusha video sote kwa wakati mmoja. Bila kugawana hivyo bei ingekuwa ya mabalozi. Nakubali. Ila anayejua waya umegawiwa nyumba ngapi ni yeye, siyo mimi.

Uingereza walilikata jambo hili kwa namna iliyonivutia. Zamani mtangazaji aliruhusiwa kusema "hadi" endapo mteja mmoja tu kati ya kumi ndiye anayeifikia kasi hiyo. Tangu Mei 2018 wasimamizi wa matangazo wanataka tarakimu ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata, tena saa za msongamano, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Saa za taarifa ya habari na tamthilia! Hawakugusa biti wala baiti. Waliuliza tu: jioni inakuwaje?

## Karatasi moja, vipimo viwili

Nilichokiona mwisho kwenye mkataba ule ule, ukurasa wa pili, kwa maandishi ya saizi ya mchwa, ni hiki: kifurushi "hakina kikomo", ila matumizi ya mwezi yakizidi GB 500, kasi itashushwa.

GB. Kwa baiti.

Nikachukua kalamu. Megabiti ishirini zikitiririka kwa siku nzima bila kupumzika ni GB 216. Kwa hiyo GB 500 ni siku mbili na saa saba na nusu hivi za kile kile nilichouziwa kwa mwezi. Najua hakuna anayetumia hivyo, hata mimi natumia robo yake. Lakini nilizitazama zile tarakimu mbili kwenye karatasi moja kwa muda mrefu. Wanaponipimia, ni biti. Wanaponikatia, ni baiti.

Msomaji aliyepita madrasa ameshajua nimekumbuka sura gani. Ile ya wanaopunja vipimo, wanaotaka watimiziwe wanapopimiwa, na wao wakipima wanapunguza. Niliihifadhi nikiwa na miaka tisa na sikuwahi kufikiri kwamba ingenijia nikiwa nasoma mkataba wa intaneti.

Na bado nafsi yangu inabishana. Kasi hupimwa kwa biti kote, ujazo kwa baiti kote, na hakuna mtu aliyekaa chini akapanga aya zile mbili zinidhulumu. Kwenye pampu ya mafuta nakuta stika ya Wakala wa Vipimo, na lumbesa kila mtu anaiona kwa macho, ule mgongo wa gunia uliovimba juu na kufungwa kwa kamba. Hapa hakuna gunia la kuonyesha kidole. Kila kipande ukikishika peke yake ni safi. Ukivipanga pamoja, kuanzia bango, dada wa simu, lile hadi, mpaka kurasa zile mbili, vyote vinaelemea upande mmoja, na kamwe haikutokea hata kimoja kikaniegemea mimi kwa bahati mbaya.

Nilituma barua pepe yenye haya yote, kwa adabu. Baada ya siku sita nikajibiwa kwamba kama ishara ya shukrani nimepandishwa kuwa "30MB" kwa miezi mitatu, bure.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, tuliyefungiwa siku moja na fundi mmoja, bado ana ishirini.

## Kopo

Jumapili Mama alikuja tena kuangalia harusi. Ameshaiangalia labda mara saba. Nikampa mkasa wote, mpaka ile zawadi ya miezi mitatu. Nilitegemea afurahi, mwanawe ameshinda.

Akakaa kimya. Kisha akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia, na mimi nimelelewa kwa mchele ule.

Alikuwa na makopo mawili pale Tandale. Moja zima. Jingine kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa ndani, kidogo tu, kikapanda kama kisahani. Ukilijaza na kulipiga kilemba cha mchele juu, jicho halioni kitu. Alisema wote walikuwa nalo, na kwamba bei ya jumla ilikuwa haimwachii mtu chochote, na kwamba ada zangu zilikuwa zinasubiri. Aliyasema hayo akiwa anatazama video.

Siku moja akaja mzee mmoja na kopo lake kutoka nyumbani. Akapimiwa, akamimina mchele kwenye kopo lake, ukaishia chini ya mdomo. Hakugomba. Alimwonyesha tu.

"Ukafanyaje?"

"Nikamjazia. Na konzi mbili za nyongeza, na nikamwomba radhi."

"Na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni?"

"Huyo hakuuliza," akasema, kisha akaniomba nirudishe video nyuma, pale bibi harusi anapotoka ndani.